Kigogota wa Dirisha la Nyuma

Kwa muda mrefu Kaliza aliamini kwamba anayegonga ni mwenye nyumba.

Na wewe usimcheke. Ungekuwa umelala kwenye kitanda ambacho hukukinunua, chini ya bati ambalo hukulipigilia msumari, katika mji ambao nusu ya watu wake hawapo na nusu nyingine ndio kwanza wanashuka kwenye malori, halafu kila kukicha unasikia ko-ko-ko, ko-ko-ko, ungesema ni nani? Kaliza alikuwa anaamka, anajifunga khanga, anapita sebuleni, anafungua mlango wa mbele na kusema, "Karibu." Nje hakuna mtu. Kuna barabara ya vumbi ya mtaa wa Kabeza, maduka yaliyovunjwa makufuli, na ukungu. Anafunga mlango, anarudi kulala.

Wala hakuwa anaogopa. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe. Mtu mzima anaamini kuwa mwenye nyumba, ambaye bila shaka ni marehemu, anamgongea mlango, naye anamkaribisha kama anayemkaribisha muuza mkaa! Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Unajua mguu unavyokuwa ukiukalia vibaya: unaushika, unaona ni wako, lakini wenyewe haukuambii kitu. Basi ndivyo alivyokuwa tangu mwezi wa nane wa mwaka ule wa tisini na nne.

Mwezi huo wa nane alivuka mpaka wa Rusumo juu ya lori, yeye na binti yake Mutesi wa miaka minne, wametoka Bukoba. Rwanda alikuwa haijui. Alizaliwa Karagwe, ukimbizini, akaijua nchi yake kwa nyimbo za mama yake tu. Mumewe, Rutayisire, alikuwa ameondoka tangu mwaka wa tisini na moja kwenda vitani, mtoto hajajua hata kutambaa vizuri, na mwezi wa saba akaleta ujumbe kwa mdomo wa dereva: njooni, nimepata nyumba Kabeza. Kaliza akauza vyombo, akaja. Lakini aliyempokea pale malori yanaposhushia watu hakuwa Rutayisire. Alikuwa rafiki yake, askari aitwaye Nkusi, kashika kofia mkononi.

"Shemeji," Nkusi alisema, akiizungusha kofia. Kisha akasema kwamba Rutayisire alikanyaga bomu la ardhini, na kwamba wameshamzika. Kaliza alimuuliza kama Kabeza ni mbali. Hakuuliza kitu kingine. Watu wengine wangelia, wangegaragara. Yeye aliuliza njia.

Nkusi aliwafikisha mpaka mlangoni na kumwonyesha maandishi ya chaki yaliyokuwa pale juu ya kitasa: KWA KALIZA. Siku zile ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ambayo wenyewe hawaonekani, anayewahi anaandika jina mlangoni, wanaofuata wanapita. Watu waliita kubohoza, yaani kukomboa, kana kwamba nyumba nayo ilikuwa kifungoni. Rutayisire hakuandika jina lake, aliandika la mkewe, na herufi K zote mbili zilirusha mguu mbele, vilevile alivyokuwa akiziandika kwenye barua zake za uchumba. "Aliandika siku moja kabla," Nkusi alisema, akampigia mtoto saluti, akaenda zake kikosini.

Hivyo ndivyo Kaliza alivyoingia Kigali. Mpakani walimkagua mizigo, kwenye lori walimwambia asogee, Nkusi alimpa pole. Neno "karibu" hakuna aliyemwambia. Kesho yake aliokota kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, akakipigilia kwa misumari midogo juu ya ile chaki ili mvua isiifute. Huo mwandiko wa Rutayisire ndio kaburi pekee alilokuwa nalo.

Aliyemtoa ujinga wa mgongaji ni Raihana, jirani wa upande wa bondeni. Raihana alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja na bidhaa kutoka Ujiji akaoa hukuhuku asirudi. Mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko cherehani yake. Asubuhi moja alimwona Kaliza kasimama mlangoni anakaribisha hewa.

"Mama Mutesi! Weye unakaribisha nani kila siku, majini?"

"Kuna mtu anagonga."

"Mutu!" Raihana alicheka mpaka akashika ua. "Hakuna mutu. Iko ndege, mama. Kuja nikuonyeshe."

Alimzungusha mpaka uani. Kwenye fremu ya mbao ya dirisha la nyuma alikuwa ameng'ang'ania kigogota, mdogo tu, wa kuenea kiganjani, mgongo wa madoa, kifua cha michirizi, na kisogo chekundu. Alijiegemeza kwa mkia, akagonga fremu, akainamisha kichwa kama anayesikiliza jibu, akagonga tena.

"Iko anadai chakula yake," Raihana alisema. "Silvère alimuzoesha vibaya."

Ndiyo mara ya kwanza jina la mwenye nyumba kutajwa mbele ya Kaliza. Raihana akafunguka. Silvère alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha uchapaji mjini, bwana mpole, na wazimu wake ulikuwa mmoja: kuwapiga picha vigogota. Ule mparachichi uliokauka pale uani alikataa usikatwe kuni. Aliutoboa matundu kwa keke, akawa anashindilia humo mafuta ya ng'ombe na karanga zilizotwangwa, na mengine akayapaka kwenye ufa wa fremu ya dirisha ili ndege azoee kusogea. Kisha anajificha nyuma ya pazia na kamera yake. "Miaka miwili, mama! Anataka dume na jike pamoja, picha moja. Dume anakuja, jike haiko. Jike anakuja, dume amekwenda. Bibi yake anacheka mpaka anakaa chini."

"Sasa wako wapi?"

Raihana alivunja kijiti cha mnyaa kwenye ua, akakitupa kabla utomvu haujamgusa. "Silvère walimuua hapo kwa barabara. Na mutoto yao." Habari za mke hakuzisema, na Kaliza hakuuliza. Mwenye ganzi haulizi, na pengine jirani naye alishukuru kutoulizwa.

Kesho yake Kaliza alikwenda buchani akaomba mafuta yale magumu yanayozunguka figo, akatwanga karanga, akachanganya na unga kidogo wa mahindi, akashindilia kwenye matundu kwa kidole gumba. Ukimuuliza kwa nini, angekuambia hajui. Labda ni kwa kuwa yule ndege alikuwa wa kwanza mjini humo kumletea shida inayoeleweka. Watu walikuwa na shida ambazo hata ukizisikiliza huna la kutoa. Huyu alitaka mafuta. Alikuja, akala, na alfajiri iliyofuata dirisha halikugongwa.

Kamera ilikuja kwa njia ya mkaa. Siku moja alikuwa anakwangua chini kabisa ya lundo la mkaa kwenye banda la jiko, mkono ukagusa kitu kilichoviringwa kwa nailoni na khanga. Ilikuwa Zenit, nzito, yenye lenzi ndefu, na ndani yake mlikuwa na mkanda ambao haujaisha. Kaliza aliishika kama fundi anavyoshika nyundo. Bukoba alikuwa akifanya kazi studio, tena ndani ya chumba cha giza, mikono kwenye dawa tangu usichana wake, na tajiri wake alikuwa na sheria moja asiyoivunja hata kwa ndugu: mkanda ulioanzwa unamalizwa. Huifungui kamera tumbo katikati ya safari. Kila picha iliyomo ndani ina mwenyewe anayeingoja.

Kwa hiyo aliamua kuumalizia. Za vigogota zitakuwa za Silvère, kwa kuwa mkanda ni wake na kazi ndiyo aliyokuwa anaifanya. Moja tu, ile ya mwisho kabisa, Kaliza alijiwekea mwenyewe: ataipiga ile chaki mlangoni. Nailoni ilikuwa imeanza kuingiza unyevu, mguu wa K ya pili ulikuwa umefifia, na mvua za vuli zilikuwa zinakuja kwa vishindo. Mkanda mpya siku zile ungeutafuta wapi, na kwa fedha gani? Picha moja, basi. Jina likifutika mlangoni, libaki kwenye karatasi.

Akaanza kukaa nyuma ya pazia lilelile, kwenye tundu lilelile ambalo Silvère alilikata kwa mkasi. Mara ya kwanza alipobonyeza, Zenit ililia klaap kama mlango uliobamizwa, ndege akatoweka siku nzima. Pumbavu! Akakumbuka walivyokuwa wakiwazoesha watoto studio. Akampa Mutesi vijiko viwili vya bati, akamwambia agonge kimoja juu ya kingine pale dirishani wakati ndege anakula, pole pole, kila siku kidogo. Mutesi aligonga kwa uaminifu wote wa miaka minne, kavaa gauni la madoa walilolikuta kabatini, ulimi nje. Baada ya siku kadhaa kigogota alikuwa hashtuki tena hata ungevunja sahani. Kaliza akahamishia mafuta kwenye matundu ya upande wa mashariki, jua la asubuhi linapopigia, na akayasukuma ndani zaidi ili ndege achelewe kuyamaliza. Akapata picha nzuri. Alijua ni nzuri, maana mkono wa studio haudanganyiki. Furaha hakuipata.

Ikabaki picha moja.

Aliingoja siku ya jua. Siku yenyewe ilipofika alijifunga kilemba, akabandua nailoni mlangoni kwa uangalifu, msumari baada ya msumari, akapitia ndani kuchukua kamera iliyokuwa dirishani nyuma. Alipoinyanyua akatupa jicho uani, kwa mazoea tu. Dume alikuwa juu ya gogo la mparachichi, kisogo chekundu kinawaka. Na chini yake, upande uleule wenye jua, jike wake mwenye kisogo cheusi alikuwa anapanda kwa kurukaruka. Akafika. Dume akageuza kichwa. Wakawa wawili, mdomo kwa mdomo, kwenye tundu moja la mafuta.

Klaap.

Kidole kilifanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe. Alipojaribu kuvuta wenzo wa kusogeza mkanda, wenzo uligoma. Mkanda umekwisha.

"Mjinga mimi!" Kaliza alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Mjinga, mjinga, mjinga! Ndege! Kwa ajili ya ndege!" Alijipiga kofi pajani, akajipiga jingine, na Mutesi akaja mbio na vijiko vyake. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Ilikuwa hisia ya kwanza kumpata tangu Rusumo, na hakuitambua mpaka ilipopoa. Kisha akarudi mlangoni, akaipigilia nailoni yake palepale.

Kiporo cha mkanda hakilazwi, hata kama kimekukera. Mjini palikuwa na studio moja iliyofunguliwa tena, mwenyewe mzee mchovu aliyekubali kumwachia chumba cha giza kwa sharti kwamba amfagilie na kumpangia chupa za dawa. Kaliza alisafisha mkanda kwa mikono yake. Akachapa picha moja moja na kuziangalia zikitoka ndani ya beseni chini ya taa nyekundu. Vigogota wa Silvère. Vigogota zaidi, wengine mkia tu. Kisha ikatoka karatasi ambayo haikuwa na ndege. Mwanamke kasimama kando ya gogo, bakuli la mafuta mkononi, kinywa wazi kwa kicheko, nyuma yake dirisha la nyuma na ukuta wa nyumba. Miguuni pake mtoto wa kike wa miaka kama minne. Mtoto alikuwa amevaa gauni la madoa lenye mfuko wa umbo la jani na vifungo vitatu visivyofanana.

Kaliza alisimama na koleo mkononi. Gauni lile alikuwa amemvalisha Mutesi asubuhi hiyohiyo.

Alirudi Kabeza kwa miguu. Hakwenda kwake, alikwenda moja kwa moja kwa Raihana, akaiweka picha juu ya cherehani.

Raihana alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Hii gauni nilishona miye," alisema. "Vifungo vilikuwa vya kubakia."

"Ulimwona Mutesi kalivaa, ukanyamaza."

"Ningesema nini? Vua?" Raihana alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sikiliza, dada. Huyu bibi iko hai. Béatha. Iko Ndera, kwa shangazi yake, analima. Hajakuja hata siku moja kuangalia nyumba. Watu wanasema haongei."

Hapo Kaliza alielewa anachokishika mkononi. Kiongozi wa mtaa alikuwa ameshatangaza mbele ya watu wote: mwenye nyumba akirudi na uthibitisho, aliyeingia anatoka, hakuna mjadala. Na uthibitisho uliozidi ule ungetoka wapi? Mwanamke, mtoto, gogo, dirisha. Akiipeleka picha ile Ndera, yeye na Mutesi wako barabarani na mvua inanyesha. Na ule mlango wenye chaki unabaki kwa mwenyewe, aukwangue, aupake rangi, afanye apendavyo.

Raihana naye aliyaona yote hayo. Alisogeza kiti. "Weye ukinyamaza, na miye nanyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Haki ya Mungu. Uko na mutoto."

Lilikuwa neno la upendo, na Kaliza alilipokea hivyo. Lakini alipofika nyumbani Mutesi alimkimbilia, na vile vifungo vitatu vikamtazama. Alimvua gauni mtoto akilia kwa baridi, akalifua, akalianika, kesho yake akalipiga pasi. Nyumba ya mtu unaweza kujidanganya kuwa imekombolewa. Gauni la mtoto wa mtu utaliitaje?

Ndera alikwenda Jumamosi, picha zote ndani ya bahasha na gauni ndani ya mfuko. Alimkuta Béatha kakaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya shangazi yake, ungo mapajani, anachambua maharage. Ni yule wa kwenye picha, ukiondoa kicheko. Kinyarwanda cha Kaliza kilikuwa na lafudhi ya Karagwe, na siku hiyo kilizidi kumkwama.

"Mimi ndiye ninayekaa kwenu," alisema.

"Nilisikia kuna mtu," Béatha alijibu. Hakukasirika. Alimsogezea kigoda, akaendelea kutupa vijiwe.

Kaliza alimpa gauni. Béatha alilifungua, akapitisha kidole juu ya vifungo, kimoja, cha pili, cha tatu, akalikunja na kulirudisha mfukoni. Akapokea picha. Yake na ya mtoto aliitazama kidogo, kisha akailaza kifudifudi juu ya goti lake na kuifunika kwa kiganja, polepole, kama anayemfunika aliyelala. Picha za ndege alizipitia moja moja. Alipofika ya mwisho akasimama hapo.

"Hii hakuipiga Silvère."

"Hapana. Ni mimi."

"Wote wawili." Aliisogeza karibu na macho. "Huyu wa juu ndiye dume. Miaka miwili alikaa dirishani, mgongo unamuuma, chai inapoa. Nilikuwa namwambia hawa wamekosana, wameachana, wewe unangoja nini." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anasoma habari za watu wengine. "Unawapa nini?"

"Mafuta ya figo. Na karanga."

"Usitie chumvi."

"Sitii."

"Na usiwape mengi wakati wa mvua. Yanaoza ndani ya matundu."

"Sawa." Neno alilotoka nalo Kabeza lilikuwa bado halijasemwa. "Dada, nikuachie nyumba lini?"

Béatha alichukua ungo wake. Alipepeta, akatupa kijiwe, akapepeta tena. Hakujibu siku hiyo, wala shangazi yake aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni hakujibu kwa niaba yake. Kaliza alikaa mpaka aibu ikamnyanyua, akaaga, akarudi.

"Weye mutu wa namna gani!" Raihana alimfokea jioni. "Mvua iko njiani, weye unatoboa bati yako mwenyewe!" Akaenda ndani akarudi na mfuko mkubwa aliomshonea kwa magunia, wa kutilia vitu vyake siku ya kuhama. Raihana ndiye huyo: ulimi wa pilipili, mikono ya asali.

Kaliza alifunga mizigo, haikuwa mingi, akaiweka karibu na mlango. Akawa anangoja. Ndege alilishwa, bila chumvi, kidogo kidogo kwa sababu ya mvua. Siku zilizokuwa na mvua kali alikosa kuwalisha, na siku hizo dirisha liligongwa tena. Kila likigongwa alifikiri ni kiongozi wa mtaa, kisha anasikiliza vizuri na kujua ni nani.

Ndiyo maana asubuhi ile hakuamka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na alfajiri kukagongwa.

"Mama, kuna mtu," Mutesi alisema.

"Ni ndege. Lala."

"Ndege yuko huku?" Mtoto alinyoosha kidole upande wa mbele.

Kukagongwa tena, kwa utaratibu, kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Hodi."

Kaliza alifungua. Béatha alikuwa amesimama kibarazani, miguu ina tope la Ndera mpaka magotini, mfuko mmoja mkononi na kifurushi cha jani la mgomba mkono wa pili. Alikuwa amepiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Kaliza alifumbua mdomo aseme lile neno alilokuwa akilisema kila alfajiri bila kufikiri, na safari hii halikutoka. Angemkaribisha vipi mwenye nyumba?

Béatha hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nailoni. Upepo wa usiku ulikuwa umeng'oa misumari ya upande mmoja, maji yameingia, na jina lilikuwa limeanza kutiririka. KWA KALIZA, ukijua ni nini kilichoandikwa. Usipojua, michirizi myeupe.

"Samahani," Kaliza alisema. "Samahani, dada. Nalifuta sasa hivi." Alivuta ncha ya khanga yake, akaishika, akaanza kuusogeza mkono mlangoni.

Béatha alimkamata kiwiko. "Nani aliandika?"

"Mume wangu. Kabla sijafika."

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

Mkono wa Béatha wenye baridi ulikuwa bado umeshika kiwiko. "Silvère aliniachia matundu kwenye mti," alisema. "Huyo wako amekuachia chaki. Usifute."

"Lakini nyumba ni yako."

"Ni yangu. Na siwezi kulala humu peke yangu, nimejaribu kuwaza, siwezi." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Akaangalia mizigo iliyokaa pembeni ya mlango, mfuko wa magunia ukiwa juu, na Mutesi aliyechungulia nyuma ya mama yake kavaa fulana iliyomzidi. Alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akavua viatu vyake vya tope, akavipanga pale alipovipanga siku zote, upande wa kushoto wa mlango, akaruka mizigo akaingia ndani.

Kaliza alibaki nje kibarazani, ncha ya khanga mkononi. Kule nyuma kigogota alianza kugonga dirisha, ko-ko-ko, ana njaa ya siku mbili. Béatha alisimama katikati ya sebule yake, akageuka, akamwona yule mgeni bado kasimama kwenye manyunyu.

"Karibu," alimwambia. "Karibu ndani, unalowa."

Tangu Rusumo hakuna aliyemwambia neno lile. Lilimwingia kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokaliwa, nawe unajua inavyouma. Kaliza aliingia, akaketi juu ya mizigo yake, akamlilia Rutayisire kwa sauti, na Béatha akampita taratibu na kifurushi chake cha mafuta, kwenda kumlisha ndege.